Jioni Niliyojaribu Raba Mbugangari

Ninyi mnaoingia sasa katika kazi ya upimaji wa ardhi mna vyombo vinavyozungumza na satelaiti, na mwaweza kupima kilima kizima huku chai yenu ikiwa bado ya moto. Sivionei wivu. Naviheshimu, kwa sababu vinapokosea hukosea kwa kiasi kinachojulikana, jambo ambalo siwezi kulisema juu ya binadamu. Lakini sisi tuliowatangulia tuliipima nchi kwa miguu, na kwa hiyo nitaanza mahali ambapo hakuna kitabu cha upimaji kinachoanzia, yaani kwenye kisigino.

Kisigino cha mpimaji hakifanani na kisigino cha karani. Karani hutembea juu ya sakafu iliyo sawa. Mpimaji wa Rubavu, huku kwetu Rwanda, anapofuata mstari wa kiwanja katika mteremko, mguu wake mmoja huwa juu na mwingine chini kutwa nzima, na mwili wake hujifunza kuinama upande hata anapokuwa kanisani. Vaeni soksi mbili, ya ndani nyembamba na ya nje ya sufu. Kateni kucha siku moja kabla ya kwenda uwandani, si asubuhi ile ile. Msifunge kamba za viatu mkiwa mmekaa. Simameni kwanza, mguu utandazike, ndipo mfunge. Haya hayamo katika mitihani yenu, nami sijui kwa nini.

Kazi nilijifunzia Karagwe, Tanzania, ambako wazazi wangu walikuwa wakimbizi na ambako nilisoma hadi chuo. Aliyenifundisha uwandani aliitwa Mzee Nestori, mtu mrefu, mkavu, aliyevaa kofia ya pama hata akiwa ndani ya nyumba. Katika wiki yangu ya kwanza nilimletea habari kwamba mpaka wa mashamba mawili ni kijito; wanakijiji wote walikuwa wameniambia hivyo.

"Wote?" akauliza.

"Wote, mzee."

"Na wewe umelowa?"

Sikuwa nimelowa. Tukaenda pamoja, na kijito hakikuwapo. Kilikuwa kimehama zamani, kikaacha bonde kavu lililojaa mihogo, na watu wa pale waliendelea kurithishana maji yake kwa mdomo. Mzee Nestori alisimama katikati ya mihogo ile, akakunja suruali yake hadi magotini kama mtu anayevuka mto, akavuka. Tangu siku hiyo sikuandika kipimo ambacho macho yangu hayakukisoma, na habari niliyoletewa na mdomo wa mtu niliiweka kando mpaka niifuate mwenyewe kwa miguu. Wenzangu waliniona mgumu. Nilikuwa mgumu.

Tabia hiyo nilirudi nayo Rwanda, nikapangiwa kazi Gisenyi. Miaka ya tisini ilikuwa inakwisha na utulivu ulikuwa umeanza kurudi baada ya vita. Mji ulijaa watu waliotoka Kongo, Tanzania na Uganda, kila mmoja na Kiswahili chake au bila Kiswahili kabisa. Changu kilikuwa cha darasani, na jirani mmoja wa mtaa wa Nengo aliniambia kwamba akinisikia nikizungumza hudhani ni redio, hutafuta kitufe cha kupunguza sauti. Kila kilima kilikuwa kinahitaji kupimwa, na tulioweza kazi hiyo tulikuwa wachache. Nilikuwa na furaha ya kazi ambayo siwezi kuieleza vizuri. Ndipo visigino vikaanza kuuma.

Vilianza asubuhi, nikitoka kitandani, kana kwamba mtu amepanga misumari sakafuni. Baadaye vikauma hata mchana. Nilipanda kilima nikishika kigingi kwa mkono mmoja na bega la mwenzangu kwa mkono wa pili. Mwenzangu huyo aliitwa Fideli, mpimaji aliyekulia Goma, ng'ambo ya mpaka upande wa Kongo, mwaminifu, mcheshi, na mwepesi wa kuamini kila alichosikia kwenye foleni ya mkate. Mkuu wetu wa ofisi aliniona siku moja nikishuka kwenye gari kwa kutanguliza mikono. Akaniita.

"Jumatatu tunaanza Rugerero," alisema. "Kuna familia zinazongoja viwanja, nazo zinataka kupandisha kuta kabla ya mvua. Ukiweza kupanda kilima kile, utaongoza wewe. Usipoweza, ataongoza Fideli, nawe utabaki hapa ukichora vipimo atakavyokuletea."

Sikieni vizuri maneno hayo: ukichora vipimo atakavyokuletea. Mkuu alidhani ananipa mapumziko. Alikuwa ananihukumu kuandika, kwa maisha yangu yote yaliyobaki, mambo ya kuambiwa. Na asingenirudisha uwandani. Nilikwisha kuona wengine waliopewa kiti cha namna hiyo, na kiti kikawaota mwilini.

Fideli mwenyewe hakuitaka nafasi yangu kwa njia ile. Alinifuata nje.

"Muzee, nenda Mbugangari kwa Mama Zawadi. Anauzisha basiketi ya kukimbia."

Basiketi ndiyo raba. Watu waliotoka Kongo walizoea jina hilo.

"Mimi sikimbii, Fideli."

"Najua. Lakini ule mama ananusa kiatu ya zamani, anakuambia ugonjwa ya muguu. Na hakuuzishie mupaka akuone unakimbia. Kuna mufanyabiashara moja alikuja na pesa mingi, akamukatalia, akasema anakimbia kama mutu amebeba sinia."

"Umeona wewe haya?"

"Nimesikia."

"Kwa nani?"

"Kwa watu."

Nikamwambia kwamba watu si jina la mtu. Lakini Jumamosi alasiri, nilipotoka ofisini na mkoba wangu wa ramani za Rugerero ili nizisome nyumbani, miguu yangu ilielekea Mbugangari, mtaa ulio karibu na mpaka. Nilikuwa na koti na tai. Sikwenda kwa sababu niliamini. Nilikwenda ili nimwambie Fideli, Jumatatu, kwamba nimeona kwa macho yangu na si kweli.

Duka lilikuwa kando ya barabara ya mawe meusi ya volkano inayokwenda bariyeri ndogo, lile lango la mpakani ambalo wachuuzi wa Goma na wa Gisenyi hupita kila siku. Kushoto kwake walikuwa wanauza mawese, kulia alikuwapo mshona nguo. Nilikuwa nimetarajia rundo la mitumba. Nilipoingia, nilisimama. Raba zilikuwa zimening'inizwa darini kwa kamba zake, jozi kwa jozi, zimefuliwa zikatakata, kila jozi ikiwa na mguu mmoja mbele na mwingine nyuma. Aliyeingia alijikuta amesimama chini ya kundi zima la watu wanaokimbia angani. Hapakuwa na ndala, wala viatu vya shule, wala kitu kingine chochote kinachouzika.

Mama Zawadi alikuwa mama wa makamo, mwembamba, mwenye shingo ndefu. Katika ujana wake aliwahi kuwa mkimbiaji wa timu ya shule yake huko Goma, na bado alisimama kama mtu anayesubiri filimbi.

"Karibu, papa. We unakimbiaka wapi?"

"Sikimbii popote, mama. Natafuta raba."

"Ya kufanya nini?"

"Ya kutembelea."

"Ya kutembea iko sokoni, kwa mubaba wa kandambili. Hapa ni kukimbia."

"Mimi ni mpimaji wa ardhi. Visigino vinaniuma, na Jumatatu lazima nipande kilima."

"Utapanda ukikimbia?"

"Sitakimbia."

"Basi unaniombaka nyama na mi nauzisha samaki." Aliketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, akanyoosha mkono. "Leta kiatu tuone."

Nilivua kiatu changu cha ngozi nikampa. Akakitazama soli, akakikunja, kisha akakipeleka puani na kuvuta pumzi, taratibu, macho yamefumbwa. Neno la kwanza la Fideli lilikuwa la kweli.

"Unanusa nini, mama?"

"Kiatu yenye inalowa na kukaukia kwa moto, inakuwa ngumu, inaua kisigino. Hii umeikaushia kwa mbabula."

Ni kweli nilikuwa nikivikausha kando ya jiko la makaa, kila jioni ya mvua. Nanyi msifanye hivyo. Jazeni magazeti ndani ya viatu, viacheni mahali penye upepo.

"Na tena," akaendelea, "unatembea kama mbuzi ya mulima. Kiatu inakwisha upande moja. Uko na muguu moja mufupi?"

Hapo nikamkatiza. Nilimweleza mteremko, mstari ulionyooka, na jinsi mguu wa juu unavyokunjwa. Nilitumia pembe ya meza yake kama kilima na vidole vyangu kama miguu. Alinisikiliza kwa makini mno, kisha akapiga paja.

"Aa! Donc mulima ndiyo iko mulemavu, si wewe."

Alishusha jozi ya kijivu akasema hiyo ndiyo yenyewe, hakuna nyingine. Nikaivaa. Ilikuwa pana, mguu ukicheza ndani kama kijiko kwenye birika. Nikamwambia haifai. Akasema inafaa. Nikamwambia mguu ni wangu. Akasema macho ni yake. Tulibishana hivyo kwa heshima zote, yeye akiniita patron, yaani bosi, kila aliponikaripia, mpaka mshona nguo wa jirani akasimamisha cherehani ili asikie. Mwishowe akachukua upondo, akatungua jozi iliyokuwa mbali kabisa, ya manjano ya ndizi iliyoiva, yenye mistari ya waridi ubavuni.

"Hakuna nyeusi?"

"Nyeusi ni ya kwenda kuzika mutu. Vaa."

Nikavaa. Nikasimama kwanza, ndipo nikafunga kamba. Naye akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika alipoona hivyo. Chini ya kisigino palikuwa na kitu ambacho sikuwahi kukikanyaga tangu utotoni. Nilidhani nimesimama juu ya nyasi.

"Nachukua hizi," nikasema.

"Hapana. Kimbia kwanza."

Neno la pili la Fideli. Nikamwuliza, kwa utulivu, kama ni kweli aliwahi kumnyima raba mfanyabiashara mmoja.

"Ule wa sinia?" akajibu. "Alikujaka tena jana. Nimemukatalia tena."

La tatu. Maisha yangu yote nilikuwa nimesimama juu ya msingi kwamba maneno ya mitaani hayabebi kitu, na ndani ya duka moja yalikuwa yamebeba mara tatu mfululizo.

Niliomba nikimbie nyuma ya nyumba. Nyuma kulikuwa na banda la kuku. Niliomba nikimbie humo humo dukani, akacheka. "Enda mupaka kwa mukaratusi ule mukubwa, ugeuke. Mi nitasimama hapa kwa mulango niangalie kisigino." Nikauliza kama naweza kuacha mkoba. Akasema niuache. Nikafikiri juu ya ramani za Rugerero, na juu ya mtu nisiyemfahamu, nikauchukua.

Sasa, ili muelewe kilichofuata, ni lazima muufahamu mji wa mpakani. Bariyeri ilifungwa jioni. Hilo lilijulikana. Lakini mara nyingine, kwa sababu za wakubwa, ilifungwa mapema, na hapakuwa na aliyetangaza. Mama aliyetoka Goma asubuhi na nyanya zake, watoto wakiwa upande ule, akikuta lango limefungwa alilala upande huu, yeye na hofu yake. Kwa hiyo wachuuzi hawakutazama saa. Walitazama watu, na hasa watu wa serikali, ambao walidhaniwa kusikia mambo kabla ya wengine. Mtu wa serikali akienda bariyeri kwa hatua za haraka, mizigo ilianza kufungwa.

Mimi nilitoka dukani nikikimbia. Nilikuwa na koti, tai, miwani, na mkoba wa ofisi kifuani, nami nilielekea bariyeri.

Hatua za mwanzo zilikuwa za aibu. Kisha kisigino kikagusa chini na hakikuuma. Cha pili nacho hakikuuma. Nikaongeza mwendo kidogo, kwa uchunguzi tu, na tai ikaruka begani. Pembeni mama mmoja wa nyanya alinyanyua kichwa.

"Angalieni, Jeometre anakimbia."

Jeometre ndilo jina walilonipa pale mjini kwa kazi yangu. Mwenzake akasimama. "Anakimbilia nini?"

"Anaenda bariyeri."

"Na mukoba?"

Nilisikia mabeseni yakiinuliwa. Nikageuza kichwa: akina mama watano au sita walikuwa nyuma yangu, mizigo kichwani, wakija kwa ule mkimbio wao ambao shingo haitikisiki. Mmoja akanifikia ubavuni.

"Papa, wanafunga?"

Mimi sikuwahi kukimbia tangu nikiwa mwanafunzi. Nilifungua kinywa ili nimjibu, na ndani yake hapakuwa na pumzi ya kutengeneza neno. Nikatikisa kichwa kukana. Lakini mtu anayekimbia hutikisika mwili mzima, na kichwa changu kilionekana kukubali na kukana kwa pamoja.

"Hata kusema anashindwa," akawapigia kelele wenzake. "Mambo ni mabaya."

Nikaufikia mkaratusi. Nilikusudia kugeuka. Nilipopunguza mwendo, beseni la sambaza, vile visamaki vya ziwani, lilinisukuma mgongoni. "Songa, papa, utatuangusha." Barabara ilikuwa imejaa. Wauza vitunguu walikuwamo, wauza sabuni, waendesha baiskeli waliobeba magunia, mtu aliyevuta mbuzi, mshona nguo aliyekuwa na sindano mdomoni na ambaye, nilikuja kujua, hakuwa na shughuli yoyote Goma. Nilisikia habari ikikua nyuma yangu kama mtoto anayelishwa vizuri: wanafunga, wamefunga nusu, wamebakiza mlango mmoja, wanapitisha wenye vitambulisho vipya peke yao. Sikuwa nimewahi kuona uvumi ukizaliwa. Mara zote huwa tunaletewa ukiwa mtu mzima. Huu nilikuwa nautangulia kwa hatua chache.

Na nikawa nafurahi. Siwezi kulificha. Miguu ilikuwa inakwenda yenyewe, visigino vilinyamaza, na kila nilipojaribu kuwaza jambo la heshima, raba za manjano zililipiga wazo likaanguka.

Karibu na bariyeri nilimpita mtu mnene aliyevalia shati la mapumziko, akivutwa mkono na kikongwe mwenye kitenge kipya. Alikuwa mkuu wetu wa ofisi. Mama mkwe wake alikuwa amemtembelea kutoka Goma, naye alikuwa akimsindikiza taratibu kama inavyompasa mkwe, mpaka tulipowafikia. Kikongwe ndiye aliyekuwa akivuta.

"Mbona hukuniambia?" mkuu alinipigia kelele, akihema. "Habari ya namna hii unakaa nayo peke yako?"

Nikampita. Sikuwa na pumzi ya kumtii.

Askari wa bariyeri walipotuona waliruka. Mmoja wao, mkubwa wao, alitoka mbele akiwa ameinua mikono yote miwili, na sisi sote tukasimama kwa kugongana. Lango nyuma yake lilikuwa wazi. Mbwa alikuwa amelala katikati yake.

"Kuna nini?" akauliza. "Mnamkimbia nani?"

Kimya. Mnapaswa kuuelewa ukimya ule. Watu wa mji ule walikuwa wamekwisha kukimbia mara nyingi katika miaka iliyotangulia, na swali hilo lilikuwa na majibu ambayo hakuna aliyetaka kuyasikia tena. Akina mama walitazamana. Mmoja alianza kulia kimyakimya, beseni likiwa bado kichwani.

"Hatukimbii mutu," akasema mama wa nyanya. "Muko munafunga."

"Nani amesema?"

Akamwonyesha mwenye baiskeli. Mwenye baiskeli akamwonyesha mwenye sabuni. Vidole vilipita kutoka mtu hadi mtu, vikirudi nyuma, kisha vikageuka na kuja mbele, na mimi, mtaalamu wa kuifuata habari hadi chanzo chake, nilivitazama vikinikaribia. Vikanifikia vyote.

"Mzee, wewe ulisema tunafunga?"

Pumzi ilikuwa imeanza kurudi. "Sikusema neno."

"Sasa ulikuwa unakimbia nini?"

Nilifikiri. Hapakuwa na jibu lingine, nami si mtu wa kubuni.

"Ninajaribu viatu," nikasema.

Macho yote yakashuka miguuni pangu. Yakakaa juu ya manjano yale na waridi ile. Aliyeanza alikuwa mama mkwe wa mkuu. Alicheka kwa sauti nyembamba, kama filimbi iliyoingiwa na maji, akaketi chini barabarani na kitenge chake kipya, akamnyooshea kidole mkwewe aliyekuwa amejishika kiuno. Kisha yule mama aliyekuwa akilia akacheka, machozi yakiwa bado shavuni. Baada ya hapo hapakuwa na namna. Mkubwa wa askari aligeuka akatuonyesha mgongo, na mgongo ule ulikuwa unatikisika. Mshona nguo alitema sindano yake mkononi ili acheke salama. Watu walishikana mabega. Walikuwa wamekimbia, wamefika, na mwisho wa mkimbio ule hapakuwa na kitu chochote. Walikuwa wanakitazama hicho kitu kisichokuwapo, na hawakuamini bahati yao. Nami nilicheka. Nilipoanza sikuweza kujizuia, na sikuwa na mazoezi ya jambo hilo pia.

Mkuu alinijia alipoweza kusimama wima. Alinitazama usoni, akanitazama raba, akafuta jasho la shingo.

"Ulinipita," alisema.

"Samahani, mkuu."

"Pale kwenye kona. Nilijitahidi, na ulinipita." Akamwinua mama mkwe wake. "Jumatatu gari linaondoka mapema. Usichelewe Rugerero."

Nilirudi Mbugangari kwa kutembea, nikisalimiwa na watu nisiowajua. Mama Zawadi alikuwa amesimama mlangoni juu ya ndoo yake.

"Bon," alisema. "Nimeona miguu ya muji muzima, na wote wanakimbia vibaya. Wewe hapana vibaya sana. Sasa ndiyo nakuuzishia."

Jumatatu nilipanda kilima cha Rugerero nikiwa wa kwanza. Fideli alinifuata na teodolaiti, kile chombo cha miguu mitatu cha kusomea pembe, akinisihi nipunguze mwendo. Nilimwambia kwamba yale maneno yake matatu nimeyathibitisha. Alifurahi kupita kiasi, nikaona ni vyema kumwonya: matatu si kanuni.

Tulipima siku nzima. Familia zilisimama kando ya vigingi vyao zikivigusa. Kwa wale ambao hamjawahi kukabidhi kiwanja kwa mtu aliyehamahama, fanyeni polepole. Mpeni mwenyewe nyundo apige pigo la mwisho la kigingi, kisha mwonyesheni mahali pa kupanda miyenzi, ule mti wa utomvu tunaopanda mipakani, maana vigingi huoza. Kiwanja cha mwisho kilikuwa cha bibi mmoja aliyerudi kutoka Masisi, Kongo, mfupi, aliyekauka kama ukuni. Alinitazama raba kwa muda mrefu wakati nikisawazisha chombo.

"Weye ndiye ule muzee alikimbisha muji Jumamosi," alisema.

Nilikuwa nimeinama, jicho langu likifuata kiputo cha pimamaji. "Bibi, mambo ya kusikia ni ya kuyapima kwanza. Watu huongeza."

"Sikusikia. Nilikuwa."

"Ulikuwa wapi?"

"Nyuma yako. Kisha mbele yako." Alionyesha utosi wake, mahali pa kubebea dumu. "Na bidoni ya mafuta hapa. Nilikuambia pole wakati nilikupita. Hukujibu."

Fideli, aliyekuwa ameshika kigingi, akakiachia. Mimi nilijaribu kurudi kwenye kazi. Nilijaribu kwa dhati. Niliweka jicho kwenye lenzi, nikaona kilima kinatikisika, nikadhani mguu mmoja wa chombo umelegea. Miguu ya chombo ilikuwa imara. Nilikuwa mimi. Machozi yalijaza miwani, kicheko kilinipanda kutoka kwenye visigino, na kila nilipojifuta na kuinama tena, bibi alisema taratibu, "Pole, muzee," kwa sauti ile ile aliyonipitia nayo.

Jua lilikuwa linashuka na pembe ilikuwa moja tu iliyobaki. Nikasogea kando, nikaketi kwenye nyasi na daftari la uwandani.

"Fideli," nikasema, "isome wewe."

Aliinama akaisoma, akanitajia kwa sauti digrii, dakika na sekunde. Nikaandika nilivyoambiwa.